Mwaka Shangazi Alipokataa Kahawa

Jumatatu ya kwanza ya Mfungo Tano, baada ya sala ya adhuhuri, wanaume walitoka na jeneza la Shangazi Zeyana kwenda makaburini, hapa Ibra, Omani. Kesho yake nikafungua kabati lake, nikakuta kile kitabu hakimo.

Harufu ilikuwemo. Hiliki, udi kidogo, na karatasi iliyokaa miaka mingi mahali pakavu. Picha pia ilikuwemo, imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati, pale pale nilipoizoea. Ni kitabu tu kilichokosekana. Nimetafuta chini ya magodoro, kwenye mikoba, hata kwenye kikapu cha kofia alizokuwa hajazimaliza kushona. Sijakiona.

Mimi si mtu wa kuandika. Nashona mabuibui kwetu Sur, mji wa pwani, na shule niliishia darasa la kumi. Lakini Kiswahili cha kusoma nilifundishwa na shangazi kwa kitabu hicho, na kuna jambo moja la mwaka ule ambalo sikumwambia alipokuwa hai. Naliandika sasa kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa na mimba ya pacha, daktari akamwambia asiinuke kitandani, na baba alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi kwenye kiwanda cha gesi. Nikaletwa Ibra kwa dada yake baba. Shangazi alikuwa akikaa peke yake katika nyumba ya vyumba viwili karibu na mashamba ya mitende. Aliolewa mara moja, akaachwa, na sababu haikutajwa. Alishona kofia na kuziuza soko la wanawake siku za Jumatano.

Babu yetu alitoka Ibra akiwa kijana, akaenda bara, akafungua duka Tabora, akaoa mwanamke wa huko. Aliporudi Omani alirudi na watoto wawili. Mke hakurudi naye. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kwetu, "hakurudi naye," na hapakuwa na mtu aliyeongeza neno. Baba alitoka rangi ya babu. Shangazi alitoka rangi ya mama yao, mweusi wa kung'aa, na mtaani wakamwita Zinjibariya, yaani mwanamke wa Unguja, ingawa Unguja hakuwahi kuiona hata kwa mbali.

Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akinikalisha mkekani na kutoa kitabu kabatini. Hakikuwa na jalada. Kilianzia ukurasa wa tisa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba vitabu vyote vya Kiswahili huanzia ukurasa wa tisa. Kilikuwa kitabu chembamba kilichochapwa bara, cha kuwasomesha watu wazima, na kilieleza habari za watu weusi wa Marekani: jinsi mababu zao walivyochukuliwa, jinsi walivyotengewa milango yao, mabomba yao ya maji na viti vyao. Sehemu aliyoipenda shangazi ilikuwa ya mji mmoja ambamo watu weusi walikuwa wakilazimishwa kuwaachia weupe viti katika basi. Siku moja wakakataa. Hawakurusha jiwe. Waliacha tu kupanda basi, wakaenda kwa miguu, kazini na kurudi, mvua na baridi, mwaka mzima na zaidi, hadi mabasi yakabaki yanakwenda matupu.

"Soma tena hapo," alikuwa akiniambia.

"Nimeshasoma, shangazi."

"Soma. Sikia ulimi wako unavyopita."

Picha ya kabatini aliikata kutoka kitabu hicho. Mwanamke mweusi, mtu mzima, amevaa koti na kofia ya kizungu, mkoba umening'inia mkononi, anatembea kando ya barabara. Nyuma yake basi linapita, madirishani hamna mtu. Chini ya picha hapakuwa na jina.

Nilidhani ni bibi yangu.

Sijui nani alinitia wazo hilo. Nadhani hakuna. Nilijua nina bibi mweusi ambaye hakurudi na babu, na hapa palikuwa na mwanamke mweusi njiani, na shangazi kila akifungua kabati alimtazama kama unavyomtazama mtu unayemjua. Pia kulikuwa na godoro la tatu, ambalo halilaliwi na mtu. Nikaunganisha. Bibi amekataa basi, kwa hiyo anakuja kwa miguu. Bara ni mbali. Ndiyo maana hajafika.

Nilipokwenda nje niliitazama barabara ya Bidiya, maana huko ndiko jangwa liliko, na kwa akili yangu mtu atokaye Afrika kwa miguu lazima apite jangwani.

Siku moja nami nikakataa basi la shule. Nilipita mlangoni pake nikaendelea na njia, mkoba mgongoni, jua limeshapanda. Dereva akaja taratibu kando yangu, ameteremsha kioo.

"Wewe mtoto! Panda!"

"Sipandi."

"Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu. Sisi hatupandi."

"Nyinyi nani?"

Nikaongeza mwendo. Watoto madirishani wakacheka wakanipigia makofi, na dereva akasema, "Huyu wa Zinjibariya amepigwa na jua," akateremka akanibeba na mkoba wangu kama gunia la tende. Shangazi aliposimuliwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Sikumbuki mwaka ule kumwona akicheka vile mara nyingine.

Sasa niseme habari ya kahawa.

Asubuhi, kazi za nyumbani zikipungua, wanawake wa mtaa walikuwa wakikutana kunywa kahawa, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mara nyingi kwa Bi Khadija, mke wa shekhe wa ukoo. Wanakaa kuzunguka kuta, tende katikati. Anayemimina husimama na dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, anaanzia kulia, anamjazia kila mmoja finjani yake robo tu. Ukiirudisha hivi hivi, anamimina tena. Ukiitikisa kidogo, umesema inatosha. Mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla ya kujua kufunga kanga.

Aliyesimama na dele alikuwa daima ni Ma Mabruka. Babu zake walikuwa watumwa wa ukoo wa shekhe. Hakuna aliyelisema mbele ya mgeni, na hakuna asiyelijua. Hapakuwa na aliyemlazimisha. Yeye pia alikuwa na nyumba yake na watoto wenye kazi zao, na alikuja amevaa vizuri kama wenziwe. Ilikuwa tu kwamba pakiwa na kahawa, anayesimama ni Mabruka, na akishamaliza huenda kunywa yake jikoni.

Asubuhi moja ya likizo nilikuwa nimekaa ubavuni mwa shangazi kwa Bi Khadija. Duru ya kwanza ilikuwa imekwisha, kila mmoja ana finjani yake mkononi. Ma Mabruka alipoanza duru ya pili, shangazi akainuka. Akamwendea, akashika mpini wa dele.

"Kaa, Mabruka. Leo nimimine mimi."

Alisema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kawaida. Ma Mabruka alishangaa akaliachia. Shangazi akachukua finjani safi kwenye sinia, akampa, akamwonyesha nafasi yake mwenyewe pale nilipokaa. Kisha akaanzia kulia, kwa Bi Khadija.

Bi Khadija akatikisa finjani yake. Ilikuwa tupu. Hakuwa ameonja duru ya pili, naye alikuwa mtu wa finjani nne. Aliitikisa polepole huku akimtazama shangazi usoni. Wa pili naye akatikisa. Wa tatu. Shangazi aliendelea kupita, mmoja baada ya mmoja, na kila alipoinamisha dele, finjani kavu ilitikiswa mbele yake. Hakuna aliyesema neno baya. Mmoja hata alimwambia, "Mungu akuzidishie."

Alipofika mwisho, Ma Mabruka alikuwa bado amesimama. Hakukaa. Shangazi akainamisha dele. Ma Mabruka naye akatikisa.

Jioni yake Ma Mabruka alikuja kwetu, akasimama jikoni bila kuvua shela.

"Zeyana, nani alikutuma?"

"Hakunituma mtu. Sisi sote ni watu."

"Mimi najua kuwa ni mtu tangu hujazaliwa. Leo umenifanya nitazamwe na watu kumi na wawili nikiwa na finjani mkononi kama mwizi. Wewe utarudi kwako ufunge mlango. Mimi mtoto wangu anaoa mwezi ujao, na shekhe ndiye atakayemsemea kwa wakwe."

"Basi utasimama mpaka lini?"

"Mpaka nichoke. Nikichoka nitakaa mwenyewe, hutanikalisha wewe."

Alipotoka, shangazi alibaki ameegemea ukuta. Nilimwuliza kama Ma Mabruka amekasirika. Akasema, "Ana haki." Kisha akasema, "Lakini mimi sitakunywa tena kahawa ambayo yeye amesimama kuimimina."

Akaacha kwenda.

Kwa mgeni hili ni jambo dogo. Ibra, mwanamke asiyekwenda kahawa ni kama amehama. Huko ndiko inakojulikana nani anaumwa na nani kaposwa. Kila asubuhi shangazi alipika kahawa yake, akaweka sinia barazani, tende, na finjani mbili. Mlango aliuacha wazi, maana alitumaini kwamba mmoja atakuja. Katika kitabu walianza wachache, siku ya pili wakawa mji mzima. Mimi niliporudi kutoka shule nilizikuta finjani zote mbili mahali pake, moja imetumika, ya pili ina vumbi la njiani. Aliiosha, akaipindua, kesho akaitoa tena.

Hakuna aliyekuja. Mwezi wa pili wakaacha kumsalimia kwa kirefu pale sokoni. Walisema amepata kiburi. Wengine walisema damu humwita mtu, ndiyo maana anamtetea yule.

"Wale wa kitabuni walishinda?" nilimwuliza.

"Walishinda."

"Na sisi?"

"Wale walikuwa mji mzima, Asila." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Mimi niko na wewe."

Nami nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyoweza kusema. Watoto hawakuja kucheza kwetu, kwa kuwa mama zao hawakuja. Pazia likitikisika nilidhani ni bibi amefika. Niliota habari za Sur na harufu ya kitanda cha mama. Mwezi wa nne, Rayya, mjukuu wa Bi Khadija, akanichungulia juu ya ukuta.

"Njoo. Leo kuna halwa."

"Shangazi haendi."

"Nani kamwita shangazi yako? Nimekuita wewe."

Nikamwambia shangazi nakwenda kuchezea kwenye mfereji wa falaji, nikaenda kwa Bi Khadija.

Nikaketishwa katikati ya watu wazima. Bi Khadija alinipapasa nywele, akanikatia halwa kwa vidole vyake. "Kaa karibu yangu, mama. Wewe mweupe, umetoka babu yako kabisa." Sitaki kudanganya: nilifurahi. Nilihisi joto kifuani kama mtu aliyefunikwa blanketi. Ma Mabruka alikuwa amesimama na dele.

Kisha Bi Khadija akaniuliza, kwa upole, "Na mama yake shangazi yako, ni kweli alikuwa khadima?"

Khadima, kwa kamusi, ni mtumishi. Ibra ni neno la kumwambia mtu kwamba babu zake walinunuliwa. Nililijua. Nilimwona akilini yule mwanamke mwenye koti na mkoba, anatembea kuja kwetu na hajui kwamba ametajwa. Wanawake wote walinigeukia, nami halwa ilikuwa mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Huyo ni mama yake yeye. Sisi wa Sur hatumjui."

Walicheka kidogo, wakapata walichokitaka. Ma Mabruka alikuwa mbele yangu. Aliniinamia, akanimiminia finjani, mtoto mimi, yeye wa umri wa bibi yangu. Nikanywa. Nikaitikisa kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Aliipokea, akanitazama muda kidogo, akaenda kwa anayefuata.

Nyumbani shangazi alikuwa barazani na kofia gotini. Aliniita nimtungie uzi kwenye sindano. Nilipoinama karibu yake alivuta harufu kwa pua.

"Kahawa ya Bi Khadija ina karafuu," alisema. "Sisi hatutii karafuu."

Uzi ukakataa kuingia.

"Mabruka alisimama?"

"Alisimama."

Alichukua sindano akaitunga mwenyewe. Hakunipiga, hakunikaripia. Ingekuwa afadhali. Nikaanza kulia, na nilipoulizwa nalilia nini nikasema jambo lililokuwa karibu na ukweli lakini sio lenyewe.

"Shangazi, bibi atafika lini?"

"Bibi gani?"

Nikamvuta mkono mpaka kabatini, nikamwonyesha.

Aliinamia picha. "Huyu? Huyu simjui, mwanangu. Ni mtu wa Marekani. Hata jina lake hawakuliandika."

"Si bibi?"

"Bibi yako hakuwahi kupigwa picha. Nililetwa huku nikiwa mdogo kama wewe hivyo. Nilipoona sura yake inaanza kunipotea, nikamkata huyu, kwa sababu ya mwendo. Mama alikuwa akienda hivi, kichwa juu, mkoba mbali na mwili." Akaufunga mlango wa kabati. "Barua zangu ziliacha kujibiwa. Sijui alikufa lini."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilimkana mama yake mbele ya watu, na yeye alikuwa hana hata picha. Sikusema. Sikusema siku ile, wala nilipokua, wala Alhamisi ile ya mwisho hospitali nilipomshika mkono mchana mzima, wauguzi wakiingia na kutoka. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara zote mbili nilimwuliza kama anataka maji.

Pacha walizaliwa salama, nikarudishwa Sur. Shangazi aliendelea na kahawa yake ya barazani. Watu wa kitabu walitembea mwaka na kitu. Yeye aliipita hata hesabu ya kitabu. Miaka ikaenda, Bi Khadija akafa, nyumba za udongo zikaachwa, na wanawake vijana waliokuja mtaani hawakujua kwa nini Zinjibariya wa barazani haendi kwa watu. Walidhani ndiyo tabia yake. Nilipomtembelea nilikuta finjani mbili kila mara. Ya pili niliinywea mimi.

Miaka michache iliyopita, watu walipojaa barabarani kule Marekani kwa ajili ya mtu mweusi aliyeuawa na polisi, nilizitazama video kwenye simu mpaka macho yakauma. Nilimtumia shangazi moja. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, taratibu, maana alidhani simu husikia vibaya: "Bado wanatembea, Asila?"

Siku ya tatu ya matanga nyumba ilijaa. Walikuja watu ambao hawakuwahi kuvuka kizingiti chake. Mke wa binamu yangu alikuja na mtumishi wake wa ndani, Mwanaidi, mama wa Tanga, mtu mzima wa umri wangu, na bila kuambiwa na yeyote Mwanaidi akachukua dele akasimama. Alimimina duru ya kwanza. Nilitazama miguu yake. Aliisimamia mmoja mmoja, akiupumzisha mwingine.

Akaingia Ma Mabruka. Ameshakuwa mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake mwalimu. Walimpisha aende mbele, karibu na wakubwa. Akakataa, akakaa mwisho kabisa, karibu na viatu, miguuni pa Mwanaidi.

Nikainuka. Nikamwambia Mwanaidi kwa Kiswahili, "Nipe, dada, upumzike."

"Hapana, dada. Mama ananiona," alisema, akimwelekezea macho tajiri wake.

"Hii ni nyumba ya shangazi yangu. Nipe."

Akanipa, lakini akabaki amesimama. Nikaanzia kulia. Wa kwanza alikuwa Rayya, yule wa ukutani, sasa mnene, ana watoto wake. Alinitazama usoni, akatazama dele, akanyoosha finjani yake. Mke wa binamu yangu na jirani yake walitikisa zao, tupu. Nikapita. Wengine walipokea.

Nilipofika kwa Ma Mabruka nikampa finjani kwa mkono wa kulia. Hakuipokea mara moja.

"Na huyu?" aliuliza, akimwonyesha Mwanaidi kwa kidevu.

"Hataki kukaa, mama."

Ma Mabruka akapigapiga mkeka kando yake. Mwanaidi hajui Kiarabu, ila mkono aliufahamu. Akamtazama tajiri wake, akatazama mlango, akakaa, magoti pamoja, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha wenyewe. Nikammiminia yeye kwanza. Kisha nikammiminia Ma Mabruka.

Alikunywa polepole. Nilisimama mbele yake nikitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyesikia nililolisema siku ile, na kwamba sasa hakuna mwingine anayelijua. 

Akaninyooshea finjani. Hakuitikisa. Nikamimina tena.